Haragwe Jeupe la Adalbert

Séraphine alitaka tu kufua abakosi ya mume wake, lile koti lake, jamani, wala hakuwa na neno lingine. Aliishika pale kwenye msumari ilipotundikwa, akapapasa mifuko kama kila mke anavyofanya, na kabla hajafika mfuko wa ndani Adalbert akaruka kutoka kitini akamnyang'anya.

"Ni nini iko mu mfuko?"

"Haiko kitu."

"Kama haiko kitu, leta nifule."

"Nitafula miye mwenyewe."

Mwanaume mzima wa Kadutu, tena mukatibu wa ushirika, aseme atafua mwenyewe! Séraphine alimtazama kuanzia utosini hadi kwenye ndala, akachukua beseni lake akatoka akiguna. Alidhani kuna mwanamke. Heri angekuwa mwanamke, mambo hayo watu wanayajua, wazee wangeitwa, faini ingelipwa, yangekwisha. Kumbe mle mfukoni mlikuwa na haragwe. Haragwe moja, jeupe, la aina ile ile ambayo akina mama wanapima kwa kopo pale sokoni. Alikuwa amekaa nalo tangu mwezi wa pili, na sasa ulikuwa mwezi wa nane, na katika miezi hiyo yote Adalbert hakupata usingizi wa kushiba hata siku moja.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana haragwe halimtesi mtu bila sababu.

Atelye, yaani karakana ya maseremala, ilikuwa kwenye mteremko nyuma ya soko la Kadutu. Zamani ilikuwa mali ya Mzungu mmoja. Mwaka ule serikali iliposema mali za wageni zirudi kwa Wazairwa, Mzungu akaenda zake na atelye ikarudi, ndiyo, ikarudi kwa bwana mmoja ambaye hakuwahi kushika randa maishani mwake. Watu wa namna hiyo waliitwa acquéreurs, yaani wapokeaji, na kweli kazi yao ilikuwa kupokea. Bwana yule alipokea mashine ya kuranda akaiuza. Akapokea jenereta akaiuza. Akapokea hata mabati ya nusu ya paa. Alipotaka msimamizi wa kumlindia mali yake, aliwapigisha wafanyakazi kura kwa kuwapanga mstari nyuma ya yule aliyempenda yeye mwenyewe, huku akiwaangalia ndani ya gari lake, na nani angethubutu kusimama mstari mwingine? Siku alipoona hakuna tena cha kupokea, akapotea.

Walibaki watu kumi na wawili chini ya nusu ya paa. Wakatazamana. Aliyesema kwanza alikuwa Raphaël, mtu wa Nyantende, mrefu, mpole, ambaye kwa kukata mbao hakuwa na mwenzake mjini. Msumeno wake ukipita, huhitaji randa. Alisema, "Tubakie. Lakini asikuye tena mutu wa kutukalia juu."

Ndivyo ulivyozaliwa ushirika wao. Pesa hawakuwa nazo, kwa hiyo sehemu ya kila mmoja ilikuwa chombo kimoja cha kazi. Raphaël alileta msumeno wake mkubwa, ule wa baba yake. Virginie, mjane aliyekuwa akipaka mbao vernis ya kung'arisha, alileta randa ya marehemu mume wake. Mwingine alileta nyundo tu, tena yenye mpini wa kuazima. Wakakubaliana kwamba msumeno mkubwa na nyundo ndogo vina sauti moja. Hakuna wa kura mbili. Anayetoka anarudishiwa chombo chake, basi, hawezi kuuza nafasi yake kwa mtu wa nje. Na mambo makubwa yanaamuliwa na walio wengi katika mukutano wa Ijumaa.

Adalbert ndiye aliyeandika sheria hizo, kwa sababu alisoma miaka mitano kwa mapadri na Kifaransa chake kilikuwa kinatembea bila fimbo. Kwenye karatasi za serikali yeye ni raia, citoyen Bisimwa, maana majina ya ubatizo yalikatazwa. Atelyeni alibaki Adalbert wa siku zote. Alipofika sheria ya saba, Raphaël akamwambia, "Andika hivi: mwenye hatumiki hapa hana sauti hapa." Yaani asiyefanya kazi atelyeni hana neno atelyeni. Watu wakapiga makofi mpaka vumbi la mbao likapanda. Kila mmoja alikuwa anamwona yule bwana kwenye gari lake. Nani angefikiri kwamba mkuki ule wa nguruwe siku moja utageukia binadamu?

Na kura? Hawakutaka tena mistari ya kuangaliana. Adalbert akabuni jambo. Kila mwanachama anapewa maharagwe mawili, jeupe na jekundu. Anakwenda peke yake nyuma ya lundo la mbao, ambako kibuyu kimetundikwa, anatumbukiza moja. Lililobaki anaondoka nalo mfukoni, akalitie kwenye sufuria yake nyumbani, na ni mwiko kumwuliza mwenzako amebaki na lipi. Mwiko kabisa. Adalbert alijivunia jambo hilo kuliko Kifaransa chake.

Miaka sita walifanya kazi namna hiyo, chini ya Edouard waliyemchagua kuwa président, fundi wa mashine, mtu wa sauti kubwa na roho isiyo mbaya. Wakarudisha mabati, wakanunua na msumeno wa mashine. Wakajulikana.

Halafu macho ya Raphaël yakaanza kuingia ukungu. Kwanza la kushoto, kisha la kulia. Daktari alimwambia mshipa wa jicho unakauka na hakuna dawa. Raphaël alimwambia mke wake Eulalie, akamwambia Adalbert, akanyamaza. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, lakini wahenga hawakuwa na sheria ya saba juu ya vichwa vyao.

Adalbert akamsaidia, na hapo tusimnyime haki yake. Kila kazi ilipokuja, yeye msomaji wa barua za wateja alichonga kipimo, ufito wa mbao wenye urefu sawasawa na kitu kinachotakiwa, akachimba alama kwa kisu pale penye kutobolewa, alama za kina ambazo kidole kinazisoma. Raphaël alikuwa anapapasa kipimo, anapapasa ubao, anakata. Miaka miwili hakuna aliyejua. Walikuwa wanacheka wawili hao kama watoto walioiba sukari.

Mwezi wa kwanza ikaja kazi ya madawati arobaini ya shule moja kule kijijini Miti. Mbao zilikuwa za mti mgumu wa bei, libuyu safi, zilizotoka Mwenga kwa lori na kulala njiani wiki tatu. Adalbert alichonga kipimo cha miguu siku ya Jumamosi, baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, mikono ikiwa bado na tope la mitaro, na akili yake ikiwa tayari Bagira kwenye ubatizo wa mtoto wa shemeji yake. Alipimia kwa rula ya zamani ya atelye. Rula ile ilikatika ncha moja, upana wa vidole vinne vizima, na kila mtu alijua kwamba lazima uanzie upande wenye msumari. Adalbert alianzia upande uliokatika.

Jumatatu Raphaël akachukua kipimo, akakipapasa, akakipapasa tena.

"Adalbert, batoto ba Miti beko bafupi hivi?"

"Kata tu, papa," Adalbert akamjibu huku akicheka, wala hakugeuza kichwa.

Raphaël akakata. Miguu mia moja na sitini.

Siku walipounganisha dawati la kwanza, Edouard alikaa kulijaribu, magoti yakamfika kidevuni. Watu wakacheka sana. Kisha mmoja akachukua mguu mwingine, na mwingine, akaisimamisha yote sawasawa kwenye sakafu, na kicheko kikakatika. Lori zima la libuyu limekwisha kuwa kuni! Shule ikapeleka kazi kwa fundi mwingine.

Adalbert alielewa pale pale. Alitazama ile rula ukutani, akaona ncha iliyokatika. Na mnajua alifanya nini? Alikwenda taratibu hadi kwenye benchi la Raphaël, akachukua kile kipimo, akakisukuma ndani ya mguu wa suruali yake. Mtu mzima, msomi wa mapadri!

"Ni nani alikata?" Edouard akauliza.

"Ni miye," Raphaël akasema.

"Kipimo iko wapi?"

"Sijue."

Edouard akasimama mbele yake, hatua tatu hivi, akainua mkono.

"Papa Raphaël, hapa iko vidole ngapi?"

Raphaël alikuwa anatazama mahali alipodhani sauti imetoka, na mahali hapo palikuwa pembeni kidogo ya uso wa Edouard. Watu wote waliona. Virginie akafunika mdomo wake kwa kitambaa cha vernis. Adalbert alisimama na ufito ukimchoma pajani.

Ijumaa ukaitwa mukutano. Edouard hakusema kwa chuki, tumpe haki yake naye. Alisema msumeno wa mashine haujui kwamba mtu ni mpole, siku moja utamkata mkono. Alisema wao ni nyumba kumi na mbili zinazokula kwenye benchi moja.

Virginie akasimama. "Ile article sept, sheria ya saba, tuliiandika ju ya mwizi wa mabati. Hatukuiandika ju ya Raphaël."

"Iliandikwa, maman," Edouard akasema. "Mukatibu, soma."

Adalbert akasoma. Sauti ilimtoka nyembamba, na kila neno lilikuwa la Raphaël mwenyewe.

"Basi tupige haragwe," Edouard akasema. "Nyeupe anabakia, nyekundu anatoka. Akitoka, maneno yameisha. Akibakia, tutatafuta kwanza: mutu mwenye haone alikata namna gani miaka yote hii? Kuko mutu alikuwa anamusaidia na kutuficha. Huyo naye tutamujua, na kile kipimo tutakiona."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyomwua Adalbert. Walikuwa wapiga kura kumi na mmoja, kwa kuwa Raphaël hakuweza kujipigia, sita wanatosha. Wakapita mmoja mmoja nyuma ya mbao. Zamu yake ilipofika, Adalbert alisimama mbele ya kibuyu na mikono miwili, haragwe katika kila mkono. Alijiambia kwamba wengine watampa Raphaël nyeupe, kwamba yake moja haitabadili kitu. Alijiambia Raphaël atapumzika. Alijiambia mengi kwa muda mfupi sana. Kisha mkono wenye jekundu ukaingia kibuyuni.

Edouard alimimina mezani. Nyekundu kumi. Nyeupe moja.

Wakamrudishia Raphaël sehemu yake, ule msumeno wa baba yake, umefungwa kwenye gunia. Eulalie akamshika mkono mmoja, na yeye mwenyewe akabeba msumeno kwa mkono wake wa pili. Mlangoni Raphaël alisimama, akapapasa hewani mpaka akapata bega la Adalbert.

"Aksanti, ndugu yangu," akasema.

Adalbert alirudi nyumbani bila kuelewa ameshukuriwa nini. Alikitupa kipimo nyuma ya jiko. Kesho yake akakuta Séraphine amekitumia kutegemezea dirisha la jikoni, maana kilikuwa na urefu uliotakiwa kabisa, na tangu hapo kila asubuhi Adalbert alikunywa chai akiutazama ule ufito.

Jumatano ya kwanza, Eulalie alifika kutoka Nyantende na kikapu cha mboga za kuuza sokoni. Alipitia kwa Adalbert, akashusha mkungu wa ndizi mlangoni.

"Raphaël anasema hii ni ya mutu wa haragwe," akasema akitabasamu.

Ndipo Adalbert akaelewa. Eh, Mungu wangu! Yule mtu alikuwa ameambiwa kwamba kuna nyeupe moja, naye hakusumbuka hata kuuliza ni ya nani. Angeuliza ya nini? Ana rafiki mmoja.

Jumatano iliyofuata vikaja viazi vitamu. Iliyofuata, maboga. Wiki baada ya wiki, mvua inyeshe isinyeshe, Eulalie alishusha zawadi na kusema maneno yale yale. Séraphine alifurahi, alipika, aliwaita watoto. Adalbert aliketi mbele ya sahani, tonge likawa linazunguka mdomoni halina njia ya kushuka. "Uko mugonjwa?" mke wake akamwuliza. Akakonda. Kola ya abakosi ikaanza kumzunguka shingoni. Mara tatu alikwenda hadi ukingo wa Ruzizi kulitupa lile haragwe jeupe, na mara tatu alirudi nalo, kwa sababu alihisi kwamba akilitupa atakuwa ameiba mara ya pili.

Mwezi wa nane Eulalie hakuleta kitu. Alileta neno. "Raphaël alikamua kasiksi ya ndizi. Anasema Dimanche, kiisha misa, ukuye mukunywe."

Adalbert akatembea kwa miguu hadi Nyantende, Jumapili, jua likiwa utosini. Raphaël alikuwa ameketi mlangoni pa nyumba yake kwenye kigoda. Alikuwa anasuka kamba za migomba, vidole vinakwenda vyenyewe. Ule msumeno ulitundikwa ukutani ndani ya nyumba, umepakwa mafuta, hauna kutu hata chembe. Kibuyu cha kasiksi kilikuwa katikati, na mrija mmoja tu. Kule Bushi, nchi ya kina Raphaël, mrija mmoja mnajua maana yake. Hamwekeani mrija mmoja mkiwa na neno baina yenu.

"Kunywa kwanza, mutu wa haragwe."

"Nitakunywa. Ngoja kidogo."

"Unaogopa nini? Kiliiva vizuri." Raphaël akacheka, kisha akashusha sauti. "Sikia. Kuko jambo sijakuambia. Ile kipimo ya Miti, nilijua."

Adalbert akamgeukia, naye Raphaël akaendelea kusuka kamba.

"Nilikishika tu, vidole vikaniambia kwamba ni kifupi. Nikakuuliza. Ukasema nikate. Nikawaza, yeye njo anasoma barua, pengine ni batoto badogo ba gardienne. Siku Edouard alikaa pale, nikajua kwamba ulikosa."

"Sasa ju ya nini haukusema?"

"Ningesema nini? 'Miye sione, nilifuata alama ya Adalbert'? Wangetutosha inje wote wawili. Miye ju ya macho, weye ju ya kuficha. Na bale benye hawajue kusoma wangebaki na nani? Nikasema, acha niende peke yangu. Bilinichoma, siwezi kukudanganya. Bilinichoma sana, kuona nyekundu kumi za bantu benye nilitumika nabo. Lakini nikasema, iko moja nyeupe. Nilimufichia Adalbert kosa yake, naye hakuniacha. Hiyo njo inanilazaka usingizi."

Raphaël akanyoosha mkono, akaupata mrija, akauelekeza kwa mgeni wake.

Adalbert alikuwa analia. Alilia kama mwanaume anavyolia, kwa kukunja uso na kukosa sauti. Aliingiza mkono mfuko wa ndani, akatoa haragwe, akafungua kiganja cha Raphaël akaliweka mle. Raphaël akalizungusha kati ya vidole viwili.

"Ni haragwe."

"Ni nyeupe," Adalbert akasema. "Ni ile yangu. Haikuingia mu kibuyu."

Kuku walipita. Ndani ya nyumba Eulalie aliacha kuosha vyombo.

"Nilitia nyekundu," Adalbert akasema. "Niliogopa watafute kipimo. Nilikuwa nacho mu suruali."

Raphaël hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikaa na lile haragwe muda mrefu, akilipapasa kila upande, na Adalbert akatamani ardhi ya Nyantende impasukie.

"Miezi sita," Raphaël akasema mwishowe. "Miezi sita nililala na haragwe ya mutu mwingine, nikakuletea weye ndizi." Akauondoa mrija kibuyuni, akaufuta, akauweka chini. "Sasa ni ya nani?"

"Sijue. Kura ni ya siri."

"Iko mutu kule Kadutu mwenye alinipenda, na sijamuambia ata aksanti. Utamuuliza. Ijumaa, mbele ya wote. Na kipimo utakipeleka. Nitakuya kusikia."

Ijumaa ile Adalbert aliondoa ufito kwenye dirisha la jikoni. Dirisha likaanguka pwaa! Séraphine akapiga ukelele, lakini alipouona uso wa mume wake, akameza maneno yake yote.

Raphaël alikuwa ameshafika. Aliketi nje, kwenye gogo karibu na mlango, akisuka kamba yake, kwa kuwa asiye mwanachama haingii mukutanoni. Sheria hiyo nayo Adalbert ndiye aliyeiandika.

Adalbert akaweka kipimo mezani, na lile haragwe karibu yake. Akasema yote. Hakutumia Kifaransa hata neno moja. Alisema rula iliyokatika, ubatizo wa Bagira, "kata tu, papa", suruali, kibuyu. Alisema wanaweza kumtoa siku hiyo hiyo na hatapinga. Edouard aliushika ufito, akaupima kwenye mguu mmoja wa dawati uliokuwa bado unakaa kwenye kuni, ukalingana sawasawa. Akakaa chini polepole.

"Lakini kwanza kuko deni ya aksanti," Adalbert akasema. "Nyeupe ilikuwa moja, na haikuwa yangu. Raphaël anaomba kumujua mwenyewe. Najua ni mwiko. Ninaomba. Mwenye alitia nyeupe ainue mukono."

Nje, kamba ya mgomba iliacha kusukwa.

Edouard akainua mkono. Watu wakamgeukia, yeye akatazama meza. Kisha yule wa nyundo ya kuazima akainua wake. Kisha mwingine, kule nyuma. Na mwingine, haraka haraka, kama anayeogopa kuchelewa. Mikono ikaendelea kupanda chini ya mabati, mikono migumu yenye gundi na makovu. Virginie, yeye aliyemtetea Raphaël siku ile ya kura, alikuwa ameketi kwenye benchi lake, viganja vyake vyote viwili juu ya mapaja, machozi yanamtiririka, na hakuinua kitu. Adalbert pia hakuinua.

"Mbona munanyamaza?" sauti ya Raphaël ikaingia mlangoni. "Ameonekana?"

Edouard aliendelea kutazama meza, mkono wake juu.

"Adalbert. Weye njo mukatibu. Hesabu, uniambie."

Adalbert akahesabu. Akahesabu tena, ingawa hakukosea mara ya kwanza.

"Mikono saba, papa."

Wakamsikia Raphaël anasimama kutoka kwenye gogo, mkono wake unapapasa mwimo wa mlango, na uso wake ukatokea, umeelekea pembeni kidogo ya walipokuwa.

"Saba, kwa kumi na mmoja," akasema taratibu. "Kumbe nilibakiaka. Sasa ju ya nini niko inje?"

Mikono ilikuwa bado juu, na hakuna aliyejua namna ya kuishusha. Virginie peke yake ndiye aliyesogea kwenye benchi, akapiga ubao kwa kiganja mara mbili, ili Raphaël asikie mahali pa kukaa.